Boljointi za Prado ya zamani: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Dhana ya hatari kuliko zote ni ile inayodai kwamba boljointi, yaani kiungo cha mviringo kinachounganisha gurudumu la mbele na mikono ya chuma inayolishikilia, ni nzima ikiwa haigongi. Wenye Toyota Land Cruiser Prado za toleo la 90, zilizotengenezwa kati ya mwaka 1996 na 2002, pamoja na wenye Hilux Surf za miaka hiyo, wanapaswa kuikataa kabisa, kwa sababu ya namna boljointi ya chini ilivyofungwa katika magari hayo. Mwili wake umefungwa kwa boliti nne chini ya stabu, yaani chuma kinachobeba habu ya gurudumu, na shina lake linashuka kuingia katika mkono wa chini wa gurudumu, ambako hukazwa kwa nati na kotapini, yaani pini inayozuia nati kulegea. Springi inaukalia mkono huohuo, hivyo uzito wa gari huusukuma mkono chini wakati ardhi inalisukuma gurudumu juu, na kichwa cha mviringo kilichomo ndani ya boljointi kinavutwa kitoke katika kikombe chake muda wote, gari likiwa linatembea au limeegeshwa. Kwa kuwa mvuto huo haukomi, kichwa hubaki kimeegemea upande mmoja, na ulegevu unaweza usisikike hata kwenye barabara yenye mashimo. Kikombe kikilika vya kutosha, kichwa huchomoka, gurudumu hukunjika na pembe ya mbele ya gari huanguka chini. Mwaka 2005 Toyota iliita magari zaidi ya 700,000 nchini Marekani yarudishwe ili boljointi za mbele zikaguliwe, yakiwemo ya 4Runner, jina ambalo Hilux Surf iliuzwa nalo huko.

Ukaguzi nao una dhana yake. Mafundi wengi huinua gari, hulishika tairi kwa mikono miwili, hulitikisa na kutoa hukumu, ilhali nguvu ya mikono ni ndogo mno kwa kiungo kinachobeba mzigo mkubwa namna hiyo. Njia ya kuaminika ni kuweka jeki chini ya mkono wa chini, karibu na gurudumu, na stendi chini ya chesisi kwa usalama, kisha kuinua mpaka tairi liachane kidogo na ardhi. Mtu mmoja alinyanyue tairi kwa mtaimbo kutoka chini, na mwingine aangalie kwa tochi kama kuna mwendo wa kupanda na kushuka kati ya stabu na mkono. Mpira wa kuzuia vumbi uliochanika unatosha kuwa sababu ya kubadilisha hata pasipo ulegevu, kwa maana gari linalovuka mito na kupita kwenye mchanga litakuwa limekwisha kuingiza uchafu ndani.

Grisi haiponyi kiungo kilichokwisha kulika. Huchelewesha tu uchakavu wa kile ambacho bado ni kizima. Kibaya zaidi ni kufungua boljointi, kuijaza kipande cha nailoni na kuichomelea upya, kwa sababu moto wa kuchomelea huharibu ugumu ambao chuma kilipewa kiwandani. Sioni hali yoyote ya uchumi inayohalalisha kazi hiyo kwenye boljointi ya chini. Vivyo hivyo, boljointi iliyotumika, hata ikitoka Japani na kuonekana safi dukani Kirinyaga Road jijini Nairobi au Gerezani jijini Dar es Salaam, haionyeshi kwa macho imebakiwa na maisha kiasi gani.

Wapo pia wanaoamini kwamba kila Land Cruiser ina boljointi za aina hii. Land Cruiser za toleo la 70 zenye ekseli moja ya mbele inayounganisha magurudumu mawili hazina: stabu zake huzungukia beringi za juu na chini, ambazo hurekebishwa kwa shimu, yaani vipande vyembamba vya chuma, na mwenye gari hilo asikubali kuuziwa asichokihitaji.

Katika kuifunga boljointi mpya, husemwa kwamba upande haujalishi. Boljointi ya chini ya Prado hii imeungana na mkono mfupi unaoshika tairodi, yaani fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu, hivyo ya kulia na ya kushoto ni tofauti, na kwa sababu hiyohiyo alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, ni ya lazima baada ya kazi. Kubadilisha zote nne, za juu na za chini, kwa pamoja si lazima, kwani za juu hubeba mzigo mdogo zaidi. Za chini ndizo zibadilishwe mbilimbili. Boliti nne za kila upande ziwe mpya, zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu kulingana na kitabu cha gari, na tundu la kotapini likikosa kulingana na mkato wa nati, nati izidi kukazwa mpaka vilingane, wala isilegezwe kurudi nyuma.