Je, wajua? Kwa nini kiraka cha bati huiozesha zaidi sakafu ya gari kuukuu

Sakafu ya Volkswagen Beetle ya zamani ikitoboka, dawa ya haraka inajulikana: kwangua kutu juu juu, laza bati jipya juu ya tundu, chomelea kingo, paka lami, rudisha kapeti. Wengi huamini kwamba kutu iliyofunikwa hukosa hewa ikafa. Baadaye tundu linarudi, safari hii pembeni mwa kiraka, na lawama anabebeshwa muuza bati.

Lawama hiyo si ya haki. Ni kweli kwamba chuma hakishiki kutu bila maji na oksijeni, ila oksijeni si lazima ifike palepale chuma kinapolika. Mwanakemia Ulick Evans wa Cambridge alilionyesha hilo miaka ya 1920 kwa tone la maji ya chumvi juu ya chuma. Ukingoni mwa tone, penye hewa tele, chuma kilibaki salama. Kilichimbika katikati, ambako oksijeni hufika kwa shida, na kutu nyekundu ikajipanga kama pete baina ya sehemu hizo mbili. Yaani doa unaloliona si lazima liwe ndilo shimo lenyewe, jambo ambalo lina ujanja fulani ukilitazama vizuri.

Fikiria ndugu wawili, mmoja anatuma pesa, mwingine anazitumia. Matumizi yanaonekana kwa wa pili, lakini anayekonda ni yule mtumaji. Chini ya kiraka chuma ndicho mtumaji: atomi zake huachia elektroni, nazo husafiri ndani ya bati hadi sehemu iliyo wazi, ambako oksijeni na maji huzipokea. Atomi zilizopoteza elektroni huyeyukia kwenye unyevu. Biashara hiyo huendelea maadamu unyevu unaunganisha pande zote mbili, na chumvi huirahisisha, kwa hiyo gari lililozeekea Mombasa au Zanzibar huumia mapema. Kumfungia mtumaji chumbani hakumwokoi. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo huyasukuma mabati mawili yaachane na kukaribisha maji zaidi.

Hii si sababu pekee. Mawe hupasua rangi kwa chini, na kwenye Beetle betri hukaa chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia, ambako asidi ikivuja hula sakafu moja kwa moja. Wapo waliowahi kuinua kiti hicho wakaiona barabara.

Dawa za kugeuza kutu husaidia pale zinapoifikia, yaani juu juu; ndani ya mwanya wa mabati mawili hazina uhakika. Kwa hiyo bati bovu hukatwa lote hadi kwenye chuma kizima. Beetle ina bahati hapa: sakafu huuzwa nusunusu, kushoto na kulia, na bodi imefungwa juu yake kwa boli. Kabla ya kulegeza boli, funga vyuma vya kushikilia nafasi za milango, hasa kama vizingiti vimeoza, la sivyo milango itagoma kufunga. Chomoa betri. Bomba la petroli hupita ndani ya handaki la katikati, yaani ule mgongo ulioinuka katikati ya sakafu, palepale unapokwenda kuchomelea, kwa hiyo tangi litoke na bomba lisiwe na mafuta wala mvuke wake kabla ya cheche ya kwanza. Nusu mpya hushikizwa kwa michomeleo mifupi iliyoachana, ukingoja bati lipoe, maana ni jembamba na hupinda upesi. Ukitumia bati la zinki, saga zinki kwenye kingo kwanza. Moshi wake huleta homa.

Kisha ziba maungio, paka rangi juu na chini, usirudishe kapeti bado. Injini ya Beetle hupozwa kwa hewa, kwa hiyo maji ya sakafuni hayatoki kwenye rejeta. Mshukiwa wa kwanza ni raba ya kioo cha mbele, wa pili raba za milango. Mwaga maji juu ya kioo, ingia na tochi chini ya dashibodi, upapase pembe zote mbili.