Mtoto Anaposomewa Habari za Alexander Mkuu

Kazi yangu ni kuhariri vitabu vya historia vya watoto, na hakuna vinavyonishughulisha kama wasifu wa majemadari wa kale. Watoto wanaupenda mno. Mtoto wa miaka 9 asiyetaka kusikia habari za karne wala nasaba za wafalme atatulia tuli akisomewa jinsi Alexander, aliyekuja kuwa mfalme wa Makedonia, alivyotambua kwamba farasi Bucephalus anaogopa kivuli chake mwenyewe, akamgeuza aelekee jua, kisha akampanda. Kisa hicho tunacho kutoka kwa Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, na sioni sababu ya kukiondoa. Mtoto humshika mtu kwanza, miaka na tarehe hufuata.

Taabu huanzia kwenye kurasa za vita. Chukua mji wa Tiro, katika Lebanoni ya leo. Mwaka 332 KK ulikuwa juu ya kisiwa, mita zipatazo 800 kutoka pwani. Alexander aliamuru majengo ya mji wa kale upande wa bara yabomolewe, na mawe yake yakamwagwa baharini kutengeneza njia ya kufikia kuta. Mji ulihimili kuzingirwa huko kwa miezi saba. Watoto hulipenda sana tukio hili, na wana haki: mchanga ulijikusanya kuizunguka njia ile hata kisiwa kikaungana na bara, na mpaka leo kimeungana. Mfungulie ramani ya sasa, aone mwenyewe.

Vitabu vingi hukomea hapo. Mji ukatekwa, jemadari akasonga mbele kwenda Misri. Lakini Arrian, mmoja wa waandishi tunaowategemea zaidi kuhusu vita hivyo, anasema watu wapatao 30,000 waliuzwa utumwani. Mswada ukiniletea Tiro bila watu hao, naurudisha. Hakuna haja ya kuchora damu. Sentensi moja iliyo wazi inatosha, kisha mtoto aachwe aulize.

Na akiuliza tumejuaje, ajibiwe. Arrian aliandika zaidi ya miaka 400 baada ya Alexander kufariki, akimtegemea sana Ptolemy, jemadari wa Alexander huyohuyo, aliyekuja kuitawala Misri. Mwulize mtoto: mtu kama huyo angependa tukumbuke nini, na angependa tusahau nini? Wa miaka 10 hulijibu swali hili vizuri kabisa.

Ndiyo maana napendekeza Hannibal, jemadari wa Carthage aliyepigana na Roma, asomwe mara tu baada ya Alexander. Huyu naye ana tembo wake na milima ya Alps aliyoivuka mwaka 218 KK, ila habari zake tumezipata hasa kwa Polybius, Mgiriki aliyeishi miongoni mwa Warumi, na Livy, Mrumi mwenyewe. Mji wake huo, katika Tunisia ya leo, uliteketezwa na Roma mwaka 146 KK. Safari hii wanaosimulia ni upande wa adui, na mtoto aliyekwisha kumhoji Ptolemy atajua pa kuanzia.