Pilipili haimwashi bata mzinga

Ndege hawasikii ukali wa pilipili. Kapsaisini, kemikali inayotuwasha, hushika kipokezi cha neva ambacho kwa mamalia hutoa onyo joto likifika nyuzi 43 hivi za Selsiasi, kwa hiyo ubongo huamini kwamba mdomo unaungua. Ndege nao wana kipokezi hicho, ila cha kwao kapsaisini haikishtui. Bata mzinga anaweza kudonoa pilipili kali kama adonoavyo mahindi. Mmea nao hufaidika, maana mbegu hupita salama tumboni mwa ndege na kuangushwa mbali, ilhali panya angezisaga kwa magego.

Nafundisha falsafa ya kale ya China, na wanafunzi wakinibana niwaeleze Watao, yaani wafuasi wa falsafa ya Tao (Njia), walionaje jema na baya, huwaanzishia kwa ndege huyo. Kwa kuwa nyama yake ndiyo ninayoipikia chili nyumbani, somo zima linaenea kwenye sufuria moja. Chili ni ule mchuzi mzito wa nyama, pilipili na viungo ambao Texas waliutangaza chakula rasmi cha jimbo mwaka 1977. Wengi wao huko hutaka nyama ya ng'ombe, na maharage hawataki hata kuyaona humo. Mimi natia bata mzinga na maharage pia, wanisamehe.

Zhuangzi, mwandishi Mtao wa karne ya 4 KK, hakuwahi kuionja pilipili. Ilifika China karne ya 16 ikitokea Amerika. Lakini swali lake linatosha. Katika sura ya pili ya kitabu chenye jina lake anasema watu hula nyama, kulungu hula majani, tandu hufurahia nyoka, bundi hupenda panya. Nani kati yao anaijua ladha iliyo sahihi? Laozi naye, Mtao mwingine, katika sura ya pili ya Tao Te Ching, kitabu kinachohusishwa naye, anasema watu wote wakishakubaliana kwamba hili ndilo jema, lisilo jema limekwisha kuingia. Viwili hivyo huzaana, kama kirefu na kifupi.

Hapo ndipo wengi hukimbilia kuhitimisha kwamba basi hakuna jema wala baya, kila mtu na lake. Hitimisho hilo linanichosha, na dawa yake ni maharage mekundu.

Maharage mekundu mabichi yana lektini, protini inayoulinda mmea dhidi ya walaji. Kwa mmea ni ngao. Kwetu ni sumu. Punje 4 au 5 mbichi zinaweza kukutapisha vibaya. Unaweza kubadili mtazamo upendavyo, tumbo halitakusikiliza. Yaloweke kwa saa 5 au zaidi, mwaga maji hayo, tia mengine, kisha yachemke kwa nguvu nusu saa kabla ya kupunguza moto yaive taratibu. Usiyaanzie kwenye sufuria ya umeme ya moto mdogo: joto la nyuzi 80 hivi laweza kuyaacha na sumu nyingi kuliko yalivyokuwa mabichi. Na yaive kabisa kabla ya kukutana na nyanya, kwa sababu asidi huyafanya yagome kulainika.

Ndiyo sababu mpishi Ding, wa sura ya tatu ya Zhuangzi, ananivutia kuliko mafumbo yote. Alikuwa akikatakata ng'ombe kwa kisu kilekile kwa miaka 19, makali yake yangali mapya, kwa kuwa alipitisha kisu kwenye nafasi za maungio ya mifupa. Akifika penye fundo hasemi fundo ni baya. Anapunguza mwendo, anatazama. Majina tunayovipa vitu hutegemea tumesimama wapi, ila vitu vina maungio yake, na hayo hatukuyachagua sisi.

Sasa nyama. Bata mzinga husemwa kwamba ni mkavu na hana ladha, na ni kweli mafuta yake ni machache. Lakini upungufu huohuo huviachia viungo uwanja. Kwa nusu kilo ya nyama ya kusaga tumia vijiko 2 vikubwa vya mafuta. Itandaze kwenye sufuria yenye moto mkali kisha iache. Laozi anasema kutawala nchi kubwa ni kama kukaanga samaki mdogo: ukimgeuzageuza anasambaratika. Nyama hii nayo ukiikorogakoroga hutoa maji ikachemka badala ya kupata rangi, na rangi ndiyo ladha.

Ikishapata rangi upande mmoja, itoe. Kwenye mafuta yaliyobaki kaanga vitunguu maji 2 na pilipili hoho, kisha kitunguu saumu, kijiko kikubwa cha bizari nyembamba na viwili vya pilipili nyekundu ya unga isiyo kali. Viungo hivi vikaangwe nusu dakika tu, maana harufu yake huyeyuka kwenye mafuta kuliko majini, na vikiungua huwa vichungu. Rudisha nyama, tia nyanya za kopo 2, maharage yaliyoiva na chumvi, uache itokote polepole dakika 40. Nyama ya ndege iliyosagwa haina mjadala: ifike nyuzi 74.

Kipande cha chokoleti chungu mwishoni kinasaidia. Kikiwa peke yake watoto hukitema; ndani ya chili huupoza uchachu wa nyanya, na wanaongeza sahani.

Ukali wenyewe siuamui mimi. Pilipili mbichi zilizokatwa hukaa mezani kwenye bakuli, kila mlaji ajitilie kadiri ya mdomo wake. Aliyezidisha apewe maziwa au mtindi, kwa sababu kaseini, protini ya maziwa, huishika kapsaisini na kuiondoa mdomoni. Maji huitembeza tu.