Mgogoro wa mpaka sio vita: Costa Rica na Nicaragua hawakupigana 2010

Jamani naomba tuelewane kwenye hili, maana kila Amerika ya Kati ikitajwa lazima atokee mtu aseme Costa Rica na Nicaragua "walipigana vita" mwaka 2010, na mwingine anadakia eti vita yenyewe ilianzishwa na ramani ya Google. Pale hakuna vita iliyopiganwa. Costa Rica haina hata jeshi, ililifuta mwaka 1948, iliowapeleka mpakani ni polisi.

Mgogoro wa mpaka ni nchi mbili jirani kutokubaliana mstari unaozitenganisha unapita wapi, basi. Vita ni majeshi kupigana. Mgogoro unaweza ukakaa miaka mia bila vita, na majirani wanaweza wakapigana vita kubwa kwa sababu ambayo wala sio mpaka.

Sasa kinachowachanganya wengi ni kudhani mpaka ukishaandikwa kwenye mkataba kazi imeisha. Haijaisha. Kuna kuandika, halafu kuna kwenda porini kusimika bikoni, na ugomvi mwingi unazaliwa hapo katikati. Hawa wawili walisaini mkataba wao 1858, ukasema mpaka unaanzia Punta de Castilla, pale mto San Juan unapoingia bahari ya Karibi, halafu unafuata ukingo wa kulia wa mto, yani maji yote ni ya Nicaragua ila Costa Rica ana haki ya kupitisha vyombo vyake vya biashara. Wakabishana tena, wakampelekea rais wa Marekani Grover Cleveland awaamulie, akatoa uamuzi 1888. Ikabaki kusimika. Akatumwa injinia Mmarekani, Edward Alexander, na alipofika 1897 akakuta Punta de Castilla yenyewe imeshamezwa na bahari! Ikabidi achague sehemu nyingine ya kuanzia, kwenye ardhi iliyobaki, akaandika kwamba mstari uzunguke kando ya maji ya Harbor Head, bwawa la pwani lililopo pale, mpaka kwenye mkondo wa kwanza unaoingia mtoni.

Mkondo wa kwanza ni upi, hapo ndo kesi nzima ilipo. Ile ni delta, mchanga unahama, vijito vinazaliwa na kufa kila mwaka. Oktoba 2010 Nicaragua wakiwa wanachimbua mchanga mtoni, kazi ikisimamiwa na Edén Pastora, wakasafisha kijito kimoja wakasema mkondo wa kwanza ndo huu, Costa Rica wakasema hapana huo ni mfereji mmechimba wenyewe ndani ya ardhi yetu, na wanajeshi wenu wako juu yake. Eneo lenyewe, kaskazini mwa Isla Portillos, ni kama kilomita 3 za mraba za kinamasi. Pastora alipoulizwa na gazeti akajitetea kwa kutaja ramani ya Google, na ni kweli ramani ile ilikuwa na kosa na Google wakakiri, lakini kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague Nicaragua waliegemea karatasi za 1858, 1888 na 1897. Hukumu ikatoka Desemba 2015, eneo ni la Costa Rica. Februari 2018 mahakama ikaamuru Nicaragua walipe dola 378,890.59, na humo kulikuwa na fidia ya mazingira yaliyoharibiwa, mara ya kwanza kwa mahakama hiyo kufanya hivyo. Nicaragua wakalipa.

Ukitaka vita kweli ukanda ule ipo, El Salvador na Honduras, Julai 1969. Ndege zilipiga mabomu, jeshi la El Salvador likaingia Honduras, watu wakafa kwa maelfu ndani ya siku chache. Mpaka wao ulikuwa na utata ndio, ila kilichowasha moto ni Wasalvador laki kadhaa waliokuwa wanaishi Honduras na kuanza kufukuzwa kwenye mashamba. Sehemu za mpaka zilizokuwa bado na ubishi ziliamuliwa The Hague 1992, miaka 23 baada ya bunduki kunyamaza.

Na mizozo ya hivi ni mingi huko kwasababu nchi hizo zilirithi mipaka ya majimbo ya Hispania, na wakati mfalme ni mmoja hakuna aliyehangaika mstari upite kijito gani. Kanuni hiyohiyo ya kurithi mipaka ya mkoloni ndo viongozi wa Afrika waliyoikubali Cairo 1964.

Kwahiyo ndugu yangu ukiandika tena habari ya 2010, sema mgogoro wa mpaka, au kesi ya Isla Portillos, utaeleweka vizuri tu. Neno vita liache kwa 1969, na hiyo nayo tafadhali usiseme ilisababishwa na mpira. Mechi za nchi hizo mbili za kufuzu Kombe la Dunia zilichezwa mwezi mmoja kabla, wakati watu walishaanza kufukuzwa mashambani.