Radoni Nyumbani: Tazama Sakafu Kwanza

Watu wa Tororo, mashariki mwa Uganda, huniuliza sana kama matofali yao yana mionzi. Yanayo. Saruji inayo, kokoto zinayo, na udongo wa shamba la mihogo unayo pia. Kwa wastani wa dunia, kilo moja ya udongo ina bekereli 35 hivi za uraniamu, 30 za thoriamu na 400 za potasiamu yenye mionzi. Bekereli moja maana yake ni atomu moja kuvunjika kila sekunde. Hata mwili wa mtu mzima una maelfu kadhaa ya bekereli hizo za potasiamu, kwa hiyo ukuta wa matofali ya kawaida haunikoseshi usingizi.

Kinachonitia wasiwasi ni radoni. Uraniamu iliyomo ardhini hubadilika polepole, hatua kwa hatua, hadi ikawa radiamu, na radiamu huzaa gesi hiyo isiyo na rangi, harufu wala ladha. Huchukua siku 3.8 nusu yake kuisha, muda wa kutosha kupenya udongo na kuibukia chumbani. Nje upepo huitawanya, ndiyo maana kipimo cha kawaida huko ni bekereli 5 hadi 15 tu kwa mita ya ujazo ya hewa. Ndani ya nyumba iliyofungwa hurundikana. Ikivunjika huacha chembe za poloniamu, nazo tukizivuta hunata mapafuni na kuunguza chembehai kwa mionzi ya alfa.

Tangu 1988 radoni imo katika orodha ya kimataifa ya visababishi vya saratani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa huchangia kati ya asilimia 3 na 14 ya saratani za mapafu, kutegemea nchi, na kwamba kila bekereli 100 zinazoongezeka hupandisha hatari kwa asilimia 16 hivi. Kwa mvuta sigara, hatari ya radoni ni mara 25 ya ile ya mtu ambaye hajawahi kuvuta.

Wenyeji wa Tororo wana haki ya kuuliza. Vilima vya Sukulu vilivyo jirani yao ni miamba ya kabonatiti, yaani miamba ya volkeno yenye kaboneti nyingi, iliyo na fosfeti na madini ya niobiamu, na miamba ya aina hiyo mara nyingi hubeba thoriamu na uraniamu nyingi kuliko udongo wa kawaida. Matale ya Mubende, katikati mwa Uganda, nayo ni ya kuangaliwa. Hata hivyo, usihukumu nyumba kwa kuutazama mlima. Nyumba mbili zinazopakana huweza kutofautiana sana, na tofauti mara nyingi iko sakafuni.

Niliingia chumba kimoja cha kupanga ambako matundu ya hewa juu ya dirisha yalikuwa yamezibwa kwa magazeti na mifuko ya nailoni. "Mwanangu, mbu wa hapa watatumaliza," mama mwenye chumba akaniambia. Tulipoinua mkeka tukakuta ufa mwembamba, kama ukingo wa sarafu, ukitoka mlangoni hadi chini ya kitanda. Hapo ndipo mlango wa radoni. Hewa ya chumbani ikipata joto hupanda na kutokea juu kwenye mabati, na nyumba huvuta hewa nyingine kutoka udongoni kupitia nyufa na pembeni mwa mabomba. Usiku, milango ikiwa imefungwa, familia nzima huivuta hadi asubuhi.

Sikumwambia mama yule azibue matundu aumwe na mbu. Malaria huua haraka zaidi. Tulipigilia wavu wa waya kwanza, kisha tukatoa magazeti. Fundi akaupanua ufa kidogo kwa tindo ili saruji ishike, akauziba. Anayejenga upya ana nafasi nzuri zaidi: kabla ya kumwaga zege, atandike nailoni nene chini, vipande vikipandana pembeni, bila kutoboka. Wanaoishi kwenye nyumba za udongo wana jambo moja la ziada, nalo ni thoroni, nduguye radoni anayetoka kwenye thoriamu ya ukuta wenyewe. Nusu yake huisha kwa sekunde 55 hivi, kwa hiyo plasta na rangi huizuia nyingi kabla haijatoka.

Kupima ni rahisi. Tunaacha kikasha kidogo chenye kipande cha plastiki angavu. Kila chembe ya alfa inayokigonga huacha kovu. Maabara hukichovya kwenye soda kali yenye moto, makovu yakapanuka, tukayahesabu kwa hadubini. Kiwekwe chumba cha kulala, mbali na dirisha na jiko, na kwa miezi mitatu kisihamishwe, hata siku ya kufagia. Jibu likiwa chini ya bekereli 100 kwa mita ya ujazo, hakuna haja ya kufanya lolote. Likipita 300, fundi aitwe wiki hiyohiyo, na tupime tena akishamaliza.