Kupanga nyaraka hakungoji hamu

Wengi huuacha mfuko wa nyaraka uvunguni mwa kitanda wakisema wataushughulikia siku watakayopata hamu na nafasi ya kutwa nzima. Hamu haiji hivyo. Huja mkono ukishaanza kazi. Kinachochosha hasa si wingi wa karatasi bali uamuzi. Kila moja inauliza ibaki au itupwe, na baada ya rundo dogo tu akili imechoka, zote zinarudi mfukoni.

Basi usianze na maamuzi. Tega saa dakika 15, utoe zile tu zisizo na mjadala: vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya shule, hati ya kiwanja, pasipoti, kadi za kliniki. Zitie kwenye bahasha moja ya kaki, na juu yake uandike orodha ya vilivyomo. Kwa leo yatosha.

Kesho yake geukia risiti za mashine za EFD, yaani zile mashine za kodi za madukani. Zitolee kopi mapema, maana karatasi yake huchapwa kwa joto na maandishi hufifia, upesi zaidi zikikaa kwenye plastiki au mahali penye joto. Vyeti halisi usivipige leminesheni: gundi huyeyuka ikashika karatasi, kuibandua ni kukichana cheti, na muhuri haugongeki tena.