Zitazame nywele, utaujua mwaka wa filamu

Ukitaka kukisia filamu ya kihistoria ilitengenezwa lini, mtazame nywele mhusika mkuu wa kike. Gauni huwa limefanyiwa utafiti, gari la farasi limekodiwa, mishumaa imewashwa. Nywele ndizo zinazotoboa siri. Filamu nyingi za miaka ya 1960 kuhusu Uingereza ya karne ya 19 zina nywele zilizotutumuliwa utosini, mtindo wa saluni za miaka hiyohiyo ya 1960.

Kosa la siku hizi ni nywele kuachwa zimwagike mabegani. Enzi za Malkia Victoria, binti wa Kiingereza akikaribia miaka 16 hadi 18 alianza kufunga nywele juu na kurefusha sketi, dalili kwamba si mtoto tena. Kufumua kulikuwa kwa chumbani, na usiku zilisukwa zisijisokote. Bibi wa heshima anayekatiza sokoni nywele zikipeperuka angewashtua majirani kama aliyetoka na nguo ya kulalia.

Na kufunga kwenyewe kulikuwa na wakati wake. Miaka ya 1830 nywele zilipandishwa utosini kwa vishungi vilivyoshikiliwa na waya. Kufikia 1860 zilichanwa njia katikati, zikalazwa na kufungwa kisogoni, mara nyingi ndani ya wavu. Mwanzoni mwa karne ya 20 zikatutumka tena, safari hii zikijazwa ndani bunda la nywele zilizobaki kwenye kitana. Mezani palikaa kikopo chenye tundu kifunikoni cha kuzikusanyia. Ukikikuta makumbusho ni rahisi kukidhania cha sukari.

Poda nyeupe ya kupaka nywele nayo ina mpaka wake. Mwaka 1795 serikali ya Uingereza iliitoza kodi ya gini moja (shilingi 21 za Kiingereza) kwa mwaka, na mtindo uliokwisha kuchoka ukazidi kufifia. Msichana wa 1813 mwenye kichwa cheupe kwa poda amepotea njia.

Siwalaumu waongozaji wote. Nywele wazi humwambia mtazamaji wa leo, bila maneno, kwamba huyu ni binti asiyetawalika, na kufunga nywele kwa pini nyingi kila alfajiri hula muda wa kazi. Ila ajuaye anafanya kusudi na asiyejua hutofautiana, na kuwatambua si kazi ngumu, kwani picha za kamera zipo tangu 1839. Anza na masikio: mwaka 1850 kwa kawaida yamefunikwa, 1875 yako wazi.